Honda XL125S ya zamani inataka tairi gani?

Swali: Fundi, habari za kazi. Mimi ni afisa ugani mstaafu, niko Mbinga. Nina Honda XL125S niliyoinunua kwenye mnada wa serikali miaka mingi iliyopita, na injini bado nzima. Tairi la nyuma, 4.10-18, limebaki kipara. La mbele, 2.75-21, lina kashata nzuri, yaani ile michoro ya mpira inayoshika ardhi, ila ubavuni limeanza mipasuko. Muuzaji wa Songea anasema saizi hizo hazipo tena, niweke 3.00-18 ya bodaboda huko nyuma. Fundi wangu anataka niweke 4.60-18, eti inakamata zaidi kwenye tope. Na kuna mtu ana tairi la Kijapani, saizi ileile, halijatumika hata siku moja, limekaa stoo tangu enzi za mradi. Nimsikilize nani? Mimi natembelea mashamba ya kahawa, mara mbili tatu kwa mwezi nashuka Mbamba Bay, na wakati wa mavuno nabeba gunia.

Jibu: Shikamoo mzee. Kati ya hao watatu hakuna wa kumsikiliza.

Saizi zako bado zinatengenezwa, na tena kwa wingi. Pikipiki nyingi za Kichina za porini, zile ndefu zenye madigadi ya mbele iliyoinuka, zinazoandikwa GY, zilifuata vipimo vilevile vya Honda na Yamaha za zamani: mbele 2.75-21, nyuma 4.10-18. Kwa hiyo muuzaji anayekwambia "hazipo" maana yake hazipo dukani kwake. Dukani kwake zimejaa za bodaboda, za inchi 17 na 18, kwa kuwa ndizo zinazotoka kila siku, na simlaumu. Hakuna anayependa kufungia hela yake kwenye tairi litakalokaa rafuni nusu mwaka. Ila asikufanye ubadilishe pikipiki ili ilingane na rafu yake.

Sasa, kabla hujatoa hela, piga brashi na maji ya sabuni rimu zote mbili mpaka chuma kionekane. Wajapani walikuwa wakigonga namba kwenye rimu, upande unaotazama spoku, mara nyingi karibu na tundu la valvu. Utaona kitu kama J18x1.85 au 21x1.60. Moja ni kipenyo na nyingine ni upana kwa inchi, yaani upana wa ndani, kati ya kingo mbili pale tairi linapokaa. Usiupime kwa rula kwa nje, utapata namba kubwa kuliko ya kweli. Kwa pikipiki ya umbo hili kwa kawaida utakuta 1.85 au 2.15 nyuma na 1.60 mbele.

Nakutuma kwenye rimu kwa sababu tairi lililopo si shahidi wa kuaminika. Pikipiki ya mnada imepita kwa madereva wa idara, kwa mtunza stoo, kwa fundi wa wilaya, na kila mmoja alifunga alichokipata siku hiyo. Ndugu yake XL185S ilitoka na nyuma 4.10-17, na rimu hizo za 17 zimehamishwa sana kutoka pikipiki moja kwenda nyingine. Mtu anazunguka maduka na tairi la 18 lisilobana, anamtukana muuzaji, kumbe ugomvi wake ni na chuma alichokalia miaka kumi. Soma rimu, andika kwenye karatasi, karatasi hiyo ndiyo uende nayo dukani.

Tairi lenyewe nalo lina maandishi yake, na ukiyajua hakuna muuzaji wa kukuyumbisha. Kwenye 4.10-18, namba ya kwanza ni upana wa inchi 4.10, kama milimita 104. Kistari kinasema ni tairi la kawaida lenye nyuzi za mshazari, ndilo pikipiki yako ilizaliwa nalo. 18 ni rimu. Baada ya hapo kuna tarakimu mbili na herufi, mfano 59P. Herufi ni mwendo: L ni kilometa 120 kwa saa, M 130, P 150. Hilo lisikusumbue, XL125S haifiki huko hata ikisukumwa na upepo. Tarakimu mbili ndizo za kuzitazama. Si kilo, ni namba ya jedwali la uzito, na jedwali ni moja kwa viwanda vyote: 45 ni kilo 165, 47 ni kilo 175, 52 ni kilo 200, 58 ni kilo 236, 59 ni kilo 243, 60 ni kilo 250.

Tupige hesabu ya gunia lako. Pikipiki yenye mafuta ni kama kilo 115. Wewe tuseme 75. Gunia la mahindi 100. Jumla 290. Gunia linakaa juu ya ekseli ya nyuma, mara nyingi hata nyuma yake kidogo, kwa hiyo uzito wake wote unashukia gurudumu la nyuma, pamoja na sehemu kubwa ya uzito wako na nusu ya pikipiki. Gurudumu la nyuma peke yake linabeba kilo 200 na ushee, na hapo bado hujaruka shimo. Tairi la 3.00-18 la kawaida limeandikwa 47, yaani kilo 175. Lile lililoimarishwa linafika 52, kilo 200. Tairi la 4.10-18 lina 58 na kuendelea. Hapo ndipo ushauri wa yule wa Songea unapovunjika. Tairi la bodaboda litaingia kwenye rimu, litajaa upepo, litatembea, na siku ya gunia kwenye barabara yenye mawe ubavu wake utapata joto mpaka uchoke. Wenye bodaboda wanabeba zaidi ya hapo, ni kweli, na wanabadilisha matairi kama soksi. Wewe hutaki hivyo.

Na jembamba hilo lina tatizo la pili. Ni fupi kidogo kwa kimo, kwa hiyo nyuma inashuka, na pikipiki ya porini ikishuka nyuma usukani unakuwa mwepesi na wa kutangatanga kwenye changarawe. Utalisikia hilo hata bila mzigo.

Halafu kuna 4.60-18 ya fundi wako. Huyu nia yake ni nzuri na hoja yake inaonekana ina akili: mpira mpana unashika sehemu kubwa ya ardhi. Ungeshika, kama rimu ingekuwa pana. Inchi 4.60 ni milimita 117. Ukilibana tairi la namna hiyo kwenye rimu ya 1.85, mabavu yanavutwa ndani na mgongo unapanda juu kama chongo. Sehemu inayogusa barabara inapungua badala ya kuongezeka, na ubavu usiokaa wima unayumba kwenye kona. Zile kona za kushukia Mbamba Bay si mahali pa kujaribia jambo hilo.

Chungulia pia nafasi. Piga magoti nyuma ya pikipiki, tazama kati ya tairi na uma wa nyuma, upande wa cheni kwanza, kisha upande wa fimbo ya breki. Tairi jipya la 4.10 linabakiza nafasi ya kidole na zaidi. Tairi la 4.60 linaweza kupita bila kugusa ukiwa gereji, fundi akalizungusha kwa mkono na kukuambia "unaona, halishiki popote". Lakini udongo wenu mwekundu wa milimani ukilowa unanata, unapanda na tairi, unajaza ile nafasi ndogo iliyobaki, unakaukia palepale. Nimeona gurudumu la nyuma limekwama kabisa, mtu anachokonoa tope kwa kijiti kila baada ya mita 200. Kwenye tope la kunata, nafasi kati ya tairi na chuma ina kazi kubwa kuliko upana wa tairi. Anayetaka kukamata tope achague kashata, asiongeze saizi.

La mwisho kuhusu mapana: kimo. Tairi la 4.60 lina kimo kikubwa kuliko lako. Tofauti inaonekana ndogo, lakini inafanya gia zako zote ziwe nzito. Injini ya cc 125 yenye umri wa mtu mzima, kilima cha Umatengo, gunia nyuma, gia ya kwanza imekuwa nzito: klachi italia. Na spidomita haitakuonya, kwa sababu kwenye XL waya wake unachukua mwendo kutoka gurudumu la mbele.

Ningekuwa na hasira zaidi na saizi kama ungekuwa na XL250S. Ile Honda waliitoa mwaka 1978 na gurudumu la mbele la inchi 23, saizi ambayo karibu hakuna pikipiki nyingine iliyoifuata. Wenye XL250S ndio wa kupewa pole. Wewe una 21, saizi ambayo pikipiki za porini zinaitumia mpaka leo.

Kama 4.10-18 yenyewe itachelewa kupatikana, ipo njia halali ya kupita pembeni. Matairi ya siku hizi yanaandikwa kwa milimita: 110/80-18 ni upana wa milimita 110, na kimo cha ubavu ni asilimia 80 ya upana huo, yaani 88. 4.10 yako ina milimita 104 kwa upana na kimo cha ubavu kinachokaribia hizo 88, kwa hiyo hao ni majirani. Mbele, 80/90-21 ni jirani wa 2.75-21. Saizi hizo mbili, 80/90-21 na 110/80-18, ndizo za Yamaha XTZ125, pikipiki ambayo mashirika na idara nyingi wanaitumia, kwa hiyo anayeuza vipuri vya Yamaha anazijua bila kukuna kichwa. Sharti moja: 110/80 inataka rimu isiyopungua 2.15. Kama yako imegongwa 1.85, vumilia utafute 4.10-18 yenyewe. Kwa mbele, rimu ya 1.60 inapokea 80/90-21 bila matata.

Utaambiwa pia habari za plai, ambazo ubavuni huandikwa PR. "Chukua plai 6, mzee, haina pancha." PR siku hizi ni daraja la ugumu, si hesabu halisi ya matabaka ya nyuzi yaliyomo ndani. Plai 6 ni ngumu ubavuni, inavumilia mzigo na mawe makali, lakini ukiwa peke yako bila gunia inadundadunda juu ya changarawe badala ya kujikunja na kushika. Wewe siku nyingi uko peke yako. Tairi la plai 4 lenye 58 au zaidi linakutosha hata siku za mavuno. Kama kilichopo ni plai 6 tu, chukua, si dhambi, ila usiilipie zaidi ukidhani ni ubora.

Nakuja kwa lile la stoo, na hapa najua nitakuudhi, maana limeandikwa Made in Japan na mwenye nalo anakuuzia kwa bei ya urafiki.

Kila tairi lina tarehe ya kuzaliwa. Tafuta ubavuni kisanduku kidogo chenye tarakimu, mara nyingi mwishoni mwa mstari unaoanza na herufi DOT. Zikiwa nne, mbili za mwanzo ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka: 3423 ni wiki ya 34 ya mwaka 2023. Mtindo huo wa tarakimu nne ulianza mwaka 2000. Ukikuta tatu tu, tairi hilo ni la miaka ya 1990 au kabla yake. Kwa jinsi unavyoeleza, "tangu enzi za mradi", nadhani utakuta tatu.

Mpira unazeeka hata ukilala. Hewa inaukausha, ozoni inaupasua, joto linaharakisha yote mawili, na stoo ya bati haina ubaridi. Ndani ya mpira kuna mafuta na dawa za kuulinda, na dawa hizo zinafanya kazi vizuri zaidi tairi linapotembea na kujikunja, zikajisukuma kuja juu. Tairi lililoning'inia miaka ishirini halijatunzwa, limekauka polepole. Bonyeza ukucha wa dole gumba kwenye kashata: mpira hai unaacha alama kisha unarudi, mpira mfu unakuwa kama soli ya kiatu kilichosahaulika darini. Kwenye lami kavu litakwenda. Kwenye lami iliyolowa mvua ya kwanza, wakati vumbi na mafuta ya malori yamegeuka utelezi, halitakupa onyo lolote. Viwanda vingi vikubwa vinashauri tairi likaguliwe kila mwaka baada ya miaka 5 ya matumizi, na livuliwe likifika miaka 10 tangu litengenezwe, hata kama kashata zipo. Kwa hiyo jina kubwa lenye umri wa kuoa haliwezi kushindana na tairi la bei ya kati lililotengenezwa mwaka jana. Mimi ningechukua Kenda au Cheng Shin ya Taiwan, Vee Rubber ya Thailand, MRF au CEAT ya India, yoyote yenye tarehe mbichi, kabla ya la Kijapani lililopitwa na marais wawili.

Hoja hiyohiyo inalihukumu tairi lako la mbele. Kashata nzuri hazina maana ubavu ukipasuka. Toa upepo kidogo, kisha kunja ubavu kwa vidole gumba viwili mahali penye mipasuko. Kama ni mistari myembamba ya juujuu isiyofunguka, ni uzee wa kawaida. Kama inafunguka na unaona rangi tofauti au nyuzi ndani, tairi hilo lisitoke tena nje ya uzio. Najua pensheni haina kona za kujificha, lakini hapa sina nafuu ya kukupa: yanunuliwe yote mawili. Bora matairi mawili ya bei ya wastani kuliko la nyuma la fahari na la mbele la kubahatisha. Tairi la nyuma likiteleza unapata sekunde ya kujirudi. La mbele likiteleza, umeshalala chini.

Kashata basi. Ziko za aina tatu kwa mahitaji yako. Kuna za barabarani, mistari myembamba, kama za bodaboda. Kuna za mashindano ya porini, vitofali virefu vilivyoachana. Na kuna za katikati, vitofali vifupi vilivyokaribiana, zile zinazofanana na zilizokuja na XL kutoka kiwandani. Vijana watakuvutia uchukue vitofali virefu kwa sababu vinatisha kwa macho. Kwenye tope ni kweli havina mpinzani: tope linaingia kati yake, gurudumu likizunguka linatupwa nje. Lakini wewe unashuka Mbamba Bay kwa lami. Kitofali kirefu kikifungiwa breki juu ya lami kinajipinda kabla hakijashika, na ukiinamisha pikipiki kwenye kona kinajipinda ubavu. Pia vinaliwa haraka, hasa nyuma katikati, unabaki na kipara chembamba kilichozungukwa na pembe.

Kwa safari zako ningefunga za katikati nyuma, na mbele ningeweka zenye vitofali vilivyoachana kidogo zaidi. Vijia vya mashambani msimu wa mvua, Novemba au Desemba mpaka Aprili, vinahitaji mbele iendako inakotumwa. Nyuma ikihangaika kidogo utaisukuma kwa miguu. Watu wengi wanafanya kinyume, vitofali vikubwa nyuma na tairi laini mbele, kwa sababu nyuma ndiko wanakoona gurudumu likizunguka bure. Matokeo yake pikipiki ina nguvu ya kusukuma lakini haina usukani.

Ukifika dukani, pitisha kitambaa chenye maji juu ya tairi. Kikitoka cheusi na chenye mafuta, tairi limepakwa dawa ya kung'arishia, na dawa hiyo hupakwa kwa sababu. Kunja kashata uangalie chini ya mfereji, maana mipasuko ya uzee huanzia hapo. Na jihadhari na la kuchongwa, yaani kipara kilichochorwa mifereji mipya kwa kisu cha moto. Tairi halali lina vijiti vidogo vya mpira vilivyovuka chini ya mfereji, vinavyoonyesha kikomo, na ubavuni pameandikwa TWI kuelekea vilipo. La kuchongwa, mfereji unapita moja kwa moja bila vijiti, kingo zake ni za kukatwa. Mchongaji amekula mpira uliokuwa unalinda nyuzi. Kwa pikipiki, hata la bure usichukue.

Nunua na tyubu mpya mbili, usiruhusu fundi arudishe ya zamani yenye viraka. Tyubu iliyotumika imeshatanuka, ndani ya tairi jipya inajikunja, na mkunjo unajikata wenyewe. Saizi kwenye boksi iseme 4.10-18 na 2.75-21, peke yake au pamoja na saizi jirani. Rimu ya spoku lazima iwe na tyubu, hata kama tairi limeandikwa TL. Tairi la TL linakubali tyubu ndani, saizi zikilingana, usiogope.

Kazi ya kufunga kaa uitazame. Tairi likishatoka, pitisha kitambaa, si kidole, ndani ya rimu. Kuna ukanda wa mpira unaofunika vichwa vya spoku. Kama umekatika, badilisha, kwani kichwa kimoja kilichochomoza kitakupa pancha za ajabu zisizo na msumari. Gonga spoku moja moja kwa spana ndogo: iliyokaza inalia ting, iliyolegea inalia bubu. Zungusha beringi kwa kidole ukisikiliza mchanga. Angalia viatu vya breki, si utakuwa umeshafungua? Kisha tazama mshale ubavuni unaoonyesha upande wa kuzunguka. Baadhi ya matairi yana mishale miwili, mmoja wa FRONT na mwingine wa REAR, inayopingana, hivyo fundi asome kabla ya kupiga nyundo. Palipo na doa la rangi ubavuni, likae karibu na valvu, ndiko tairi lilikokuwa jepesi. Kulainisha ukingo itumike sabuni na maji. Petroli, grisi na oili chafu, hapana, hata kama ndivyo alivyofundishwa. Poda kidogo juu ya tyubu inasaidia isijisokote.

Likishajaa, tafuta mstari mwembamba uliochorwa kwenye mpira, unaozunguka juu kidogo ya ukingo wa rimu. Uwe umbali uleule pande zote mbili, mzunguko mzima. Ukizama mahali, toa upepo, paka sabuni, jaza tena mpaka lipige, bila kuvuka kiwango cha juu kilichoandikwa ubavuni. Na ile nati ndogo ya valvu, usiikaze dhidi ya rimu. Irudishe juu iguse kifuniko. Tairi likianza kuteleza juu ya rimu, valvu italala upande na utaiona mapema. Nati iliyokazwa inaificha valvu isilale, mpaka siku inapong'oka.

Upepo: kama kile kibandiko cha Honda kwenye kinga ya cheni au uma wa nyuma bado kinasomeka, kifuate. Kama kimeshakwenda, anza na psi 22 mbele na 25 nyuma ukiwa peke yako, na upandishe nyuma mpaka 30 au 32 siku ya gunia, kisha ushushe ukishatua mzigo. Pima asubuhi kabla hujatembea, kwa kipimo chako mwenyewe. Kubonyeza kwa dole gumba kunadanganya, hasa kwa plai 6, inayojifanya ngumu hata ikiwa na psi 12. Jitahidi usijaziwe kwenye mashine za malori bila kupima baadaye.

Kilometa 150 za kwanza nenda taratibu. Mpira mpya una utelezi wa kiwandani juu yake, usiuamini kwenye lami yenye maji wala kwenye kona kali mpaka mng'ao uishe.

Kuagiza, piga simu kwa wauza vipuri wa Kariakoo au wa Mbeya wanaofunga mizigo kwenye basi la Songea. Usiseme "tairi za XL", wengi wao ni vijana na hawajawahi kuiona. Sema "4.10-18 na 2.75-21 za GY, na tyubu zake". Kabla hujatuma hela, akupigie picha tatu za kila tairi: saizi, tarakimu mbili za uzito na herufi yake, na zile namba nne za tarehe. Asiyetaka kupiga ya tatu, mpigie mwingine. Na ukisafisha rimu ya nyuma ukakuta imegongwa 17, au 1.60, usiagize chochote kwanza. Niandikie namba ulizozikuta mbele na nyuma, na upana wa nafasi iliyopo kati ya tairi la sasa na cheni.